Msomaji wa Kibirizi anayehesabiwa Dar es Salaam

Fungua ripoti ya takwimu za tovuti yoyote inayoandika habari za Kigoma, uende moja kwa moja kwenye orodha ya miji. Mara nyingi Dar es Salaam ndiyo inayoongoza, tena kwa mbali, na Kigoma iko chini huko na wasomaji wachache. Mwenye tovuti anayeweka kila asubuhi bei za dagaa wa mwalo wa Kibirizi na bei ya mawese sokoni anaanza kuamini kwamba watu wa kwao hawamsomi.

Wanamsoma. Chombo cha kupima hakijui mtu amesimama wapi. Kinachokiona ni anwani ya IP tu, namba ambayo simu hutumia kutokea kwenye intaneti, na namba hiyo si ya simu yake peke yake. Kampuni za simu hukusanya data za wateja wa mikoani, huzipitisha kwenye mitambo yao mikuu, na kuzitoa nje kupitia anwani chache ambazo maelfu ya wateja wanagawana. Anwani hizo kwa kawaida zimesajiliwa Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu aliyeketi Gungu, Ujiji au Kasulu anaingia kwenye ripoti kama mkazi wa Dar es Salaam, na anayetumia VPN, programu inayopitisha mawasiliano yake kwenye seva ya nchi nyingine, anaweza kuonekana yuko Uholanzi.

Kila namba kwenye dashibodi, ule ukurasa wa ripoti, imezalishwa na kanuni fulani, na kanuni hizo hazikutungwa kwa kufikiria simu yenye bando la siku moja kando ya Ziwa Tanganyika. Anayeijua kanuni ataitumia namba vizuri. Asiyeijua atafunga ukurasa unaowafaa watu, au atapoteza pesa kutangaza mahali ambapo hakuna msomaji.

Kutoka kubofya hadi kuhesabiwa

Mfuate mchuuzi mmoja wa mfano. Saa kumi na mbili na robo asubuhi yuko mwaloni, beseni chini, na kwenye kundi la WhatsApp anaona linki ya bei za leo. Anabofya. Simu inaiomba seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, ule ukurasa, na papo hapo seva inaandika mstari mmoja kwenye kumbukumbu zake: saa, anwani ya IP, ukurasa ulioombwa, aina ya kivinjari. Hiyo ni hesabu ya kwanza, nayo inafanyika hata kama ukurasa wenyewe haukumfikia.

Kisha maandishi yanaanza kushuka kwenye simu, halafu picha. Ndani ya ukurasa kuna mistari michache ya JavaScript iliyowekwa na mwenye tovuti, ya Google Analytics, Matomo au chombo kingine. Mistari hiyo inaagiza programu kubwa zaidi, yaani skripti, kutoka seva ya mbali. Ya Google Analytics inafika kilobaiti 100 na zaidi. Skripti ikishapakuliwa yote na kuanza kufanya kazi, ndipo inatuma taarifa kwamba ukurasa umetazamwa. Hiyo ni hesabu ya pili. Mtandao ukiyumba katikati, au mchuuzi akiiona bei katika sekunde tatu na kurudi WhatsApp, taarifa haitumwi. Ameshapata bei yake na anakwenda kupatana na mwenye mtumbwi, lakini kwa Google Analytics mtu huyo hakuwahi kuwapo.

Hesabu ya kwanza nayo ina tatizo lake, maana inazidisha. Linki inapobandikwa kwenye WhatsApp, simu ya mtumaji huenda kwenye tovuti kuchukua kichwa cha habari na ile picha ndogo ya utangulizi. Seva inaandika ombi lenye jina la WhatsApp ingawa hakuna aliyesoma. Facebook hufanya hivyo pia kwa roboti yake, yaani programu inayofungua kurasa yenyewe. Googlebot, ile ya Google, na roboti nyingine hupita usiku na mchana. Ndiyo maana AWStats, ambayo watoaji wengi wa huduma ya kuhifadhi tovuti huiweka ndani ya cPanel, ukurasa wa kuendeshea tovuti, na inasoma kumbukumbu za seva, huonyesha namba kubwa kuliko Google Analytics kwa siku ileile. Usiite fundi. Chagua chombo kimoja cha kufuatilia mwenendo, kingine ukitumie kukagua: zile za seva zikipanda ghafla bila za skripti kusogea, hao ni roboti. Zile za skripti zikiporomoka wakati za seva ziko palepale, angalia kama ukurasa umekuwa mzito au skripti imeng'oka, jambo linalotokea sana baada ya kubadilisha muundo wa tovuti.

Nani anaitwa mtumiaji

Safu inayosomeka "Users" ndiyo inayotajwa zaidi kwenye barua za kuomba matangazo, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Google Analytics haihesabu watu, inahesabu kuki, yaani alama ndogo ambayo tovuti huiacha kwenye kivinjari. Mara ya kwanza kivinjari kinapofungua tovuti, kinapewa kuki iitwayo _ga yenye namba yake, na kawaida inadumu miaka miwili. Kivinjari kikirudi na kuki ileile ni mtumiaji yuleyule. Kikija bila kuki ni mtu mpya.

Sasa angalia maisha yalivyo. Simu moja nyumbani inatumiwa na mama, kaka na mdogo wao: watu watatu, mtumiaji mmoja. Mtu mmoja anasoma asubuhi kwa Chrome na jioni kupitia kivinjari kilichomo ndani ya Facebook, ambacho kina kuki zake: mtu mmoja, watumiaji wawili. Safari ya iPhone hufuta kuki za namna hii baada ya siku saba ikiwa mtu hakurudi kwenye tovuti, basi msomaji wa kila wiki mbili anazaliwa upya kila anapokuja.

Kuna vyombo vinavyojitangaza kuwa havitumii kuki, kama Plausible, na faida yake ni ya kweli: skripti ni ya kilobaiti chache tu, ukurasa haulemewi, na faragha ya msomaji inaheshimiwa zaidi. Plausible inamtambua mtu kwa siku moja tu, kwa kuchanganya anwani ya IP na maelezo ya kivinjari chake. Ulaya njia hiyo inafaa, lakini kwenye data za simu za kwetu inapunguza watu. Anwani ya IP ni ya kugawana, na tangu 2023 Chrome ya Android haitaji tena aina ya simu, zote zinajieleza kwa maneno yaleyale, "Android 10, K". Wachuuzi wawili waliosimama bega kwa bega Kibirizi, mmoja na Tecno, mwingine na Samsung, wakitokea kwenye anwani moja wanaweza kuhesabiwa mtu mmoja. Hili halimaanishi uache chombo hicho. Kwa tovuti ndogo yenye wasomaji wa bando ni chaguo zuri, kwa sababu ukurasa unaofunguka haraka una thamani kuliko hesabu kamili. Ila usichukue namba zake ukazilinganisha na za Google Analytics za mwaka jana ukalia kwamba wasomaji wamekimbia.

Matomo, iliyojulikana kama Piwik hadi 2018, inasimikwa kwenye seva yako mwenyewe yenye programu za PHP na MySQL. Data zinabaki kwako. Lakini hifadhidata yake hukua haraka, na ukikodi nafasi ndogo ya bei ya chini itakujazia.

Siku ya kusimika

Miongozo mingi iliyoko mtandaoni bado inaeleza Google Analytics ya zamani. Ukikuta maelekezo yenye namba inayoanza na UA, yaache. Toleo hilo liliacha kupokea data 1 Julai 2023. La sasa, GA4, hutoa namba inayoanza na G na kistari. Unafungua akaunti, unaunda "property", unachagua mkondo wa data wa tovuti, unapewa mistari ya kubandika kwenye sehemu ya head, juu kabisa ya msimbo wa kila ukurasa.

Mambo mawili uyafanye siku hiyohiyo, kwa sababu hayarekebishi yaliyopita. La kwanza ni saa za eneo: chagua Tanzania, GMT+3. Ukiacha saa za California, siku yako kwenye ripoti itaanza saa nne au saa tano asubuhi, na wasomaji wote wa alfajiri watahesabiwa jana. Kumbuka pia ripoti haihesabu saa za Kiswahili. 06 ni saa kumi na mbili asubuhi, 19 ni saa moja usiku. La pili ni muda wa kutunza data za kina. GA4 huanza na miezi miwili. Ingia Admin, tafuta "Data retention", weka miezi 14. Usipofanya hivyo hutaweza kuchambua kwa undani Juni hii dhidi ya Juni iliyopita.

Kosa la kawaida kabisa ni kubandika skripti mara mbili, moja kwa programu-jalizi ya WordPress na nyingine kwa mkono ndani ya muundo. Kila kurasa inahesabiwa mara mbili na mwenye tovuti anafurahi bure. Jaribu hivi: zima Wi-Fi, fungua tovuti kwa data ya simu, kisha tazama ripoti ya "Realtime". Umefungua ukurasa mmoja. Ikionyesha page_view mbili, ondoa skripti moja.

Halafu kuna ziara zako mwenyewe. Tovuti yenye wasomaji 40 kwa siku inaweza kupotoshwa kabisa na mwandishi wake anayeifungua mara 15 kuona kama picha imekaa sawa. Ushauri unaoenea ni kuichuja anwani yako ya IP. Kwa ofisi yenye mkonga na anwani isiyobadilika, sawa. Kwa anayetumia modemu au data ya simu ni hatari: kesho anwani yako itakuwa nyingine, na ile uliyoizuia itakuwa mikononi mwa wasomaji wako, ambao kichujio kitawatupa wote na data hizo hazirudi. Kilicho salama ni kuikagua tovuti kwa kivinjari cha Brave, au kwa Firefox iliyowekwa ulinzi mkali, maana zote mbili huizuia Google Analytics isihesabu.

Kaburi la WhatsApp

Kwenye ripoti ya vyanzo utakuta kundi kubwa linaloitwa "Direct". Jina linadanganya. Halina maana kwamba watu wameandika anwani ya tovuti kwa kidole. Maana yake ni kwamba chombo hakikuambiwa walikotoka. Mtu akibofya linki iliyo kwenye ukurasa wa tovuti nyingine, kivinjari hutaja tovuti hiyo; akibofya kutoka WhatsApp au SMS, kwa kawaida hakuna kinachotajwa. Na kwa kuwa habari za Kigoma husafiri zaidi kwa makundi ya WhatsApp, ya wavuvi, ya wauza mawese, ya wanafunzi waliosoma pamoja, sehemu kubwa ya juhudi yako imezikwa humo.

Ifukue kwa lebo. Mwishoni mwa linki unayotuma, ongeza:

?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=kibirizi

Herufi tatu za utm ni masalia ya Urchin, programu ambayo Google iliinunua 2005 na kuigeuza kuwa Google Analytics. Source ni chombo, medium ni aina ya njia, campaign ni jina lolote utakalolikumbuka. Hapa unaweza pia kurudisha ule mkoa uliopotea: tuma linki yenye "kasulu" kwenye kundi la Kasulu, yenye "kibondo" kwa Kibondo, yenye "uvinza" kwa Uvinza. Ripoti ya miji itaendelea kusema Dar es Salaam, lakini ripoti ya kampeni itakuambia Kasulu wamefungua mara ngapi. Kwa tovuti za mikoani sijaona njia ya bei nafuu inayoizidi hii.

Andika herufi ndogo daima, kwa sababu "WhatsApp" na "whatsapp" ni vyanzo viwili. Kwenye medium usitunge neno lako. Ukiandika "kundi", GA4 inaweza isijue pa kuliweka na ikazitupa ziara hizo kwenye "Unassigned". Usiweke lebo kwenye linki za ndani ya tovuti yako, maana zinachafua hesabu ya chanzo. Na ujue kwamba mtu akinakili linki ya kundi la Kasulu akaituma Bujumbura, lebo inasafiri nayo. Huo ni uvujaji unaovumilika.

Je, wamesoma?

GA4 huita ziara kuwa hai ikiwa imezidi sekunde 10, au mtu ameona kurasa mbili na zaidi, au amefanya tukio uliloliteua kuwa muhimu. Zisizotimiza hata moja ndizo zinazoingia kwenye "bounce rate". Sekunde 10 zilichaguliwa kwa ajili ya kila mtu, kwa hiyo hazimfai mtu yeyote hasa. Kwenye ukurasa wa bei, aliyeona jibu kwa sekunde sita ametendewa haki kuliko aliyehangaika dakika nzima akitafuta bei imefichwa wapi. Kwenye makala ndefu, sekunde 12 ni za mtu aliyesoma aya moja. Muda huo unaweza kuupandisha hadi 60 kwenye mipangilio ya skripti. Tovuti ya makala ndefu ifanye hivyo, tovuti ya bei iache na isihangaike na bounce rate.

Muda wa wastani wa kusoma nao una kasoro inayowaumiza walio mbali na mnara. GA4 huhesabu muda ambao ukurasa uko mbele ya macho, na huutuma mtu anapoondoka. Mtandao ukiwa umepotea wakati huo, muda unapotea nao. Na mtu akikatikiwa, akarudi baada ya dakika 40 kumalizia habari ileile, anahesabiwa ziara mbili, kwa kuwa ziara hufungwa baada ya dakika 30 za ukimya. Kwa hiyo muda unaoonekana mfupi kwa wasomaji wa vijijini usiusome kama dharau.

Tukio la "scroll" linaandikwa mtu anapofika asilimia 90 ya urefu wa ukurasa, na urefu huo unajumuisha maoni, picha za habari nyingine na maneno ya chini kabisa. Aliyemaliza makala yako neno kwa neno anaweza kuwa amefika asilimia 60 tu. Kabla ya kuhuzunika, pima kwa simu yako makala inaishia wapi.

Kipimo cha kuaminika ni kitendo. Ikiwa ukurasa unamwunganisha mnunuzi na muuzaji wa dagaa, hesabu wanaobonyeza linki ya wa.me, ile inayofungua mazungumzo ya WhatsApp. GA4 huiandika yenyewe kama tukio la "click", kwa kuwa inatoka nje ya tovuti. Unda tukio jipya kutoka hilo kwa sharti kwamba linki ina neno wa.me, ulipe jina kama ombi_whatsapp, kisha uliteue kuwa muhimu. Linki ya kupiga simu inayoanza na tel haimo kwenye hesabu hiyo ya moja kwa moja. Inahitaji Google Tag Manager, chombo cha Google cha kusimamia skripti za tovuti, au msimbo mfupi. Maombi saba kwa siku yanakueleza mengi kuliko kurasa 700.

Mwezi wa kalenda na mwezi wa angani

Namba ndogo huyumba zenyewe. Njia ya haraka: chukua kipeuo cha pili cha hesabu ya kawaida, uzidishe kwa mbili. Kwa wasomaji 40 kwa siku, kipeuo ni kama 6, mara mbili ni 12 hivi. Basi siku yenye wasomaji 28 na siku yenye wasomaji 52 zinaweza kuwa hali ileile. Usibadilishe kichwa cha habari wala rangi ya tovuti kwa tofauti hiyo.

Kigoma ina jambo lake la ziada. Wavuvi huvuta dagaa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikipevuka taa hazina nguvu, mitumbwi inapumzika, dagaa wanaadimika. Ukurasa wa bei hauwezi kutofuata mwendo huo. Ukilinganisha wiki hii na iliyopita unaweza kuwa unalinganisha giza na mbalamwezi. Siku 28, ambazo GA4 hukufungulia bila kuombwa, zinakaribia mzunguko mzima, hivyo jumla yake ni ya haki. Lakini ukitaka kuipima wiki moja, rudi nyuma siku 29 au 30. Na 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Anayeichukua Juni ya mwaka huo kuwa kipimo cha Juni nyingine atapata jibu lisilo na maana.

Kwa wanaokuja kupitia Google, fungua pia Search Console, chombo cha Google kinachoonyesha tovuti yako inavyotokea kwenye utafutaji. Ni bure, haihitaji skripti kwa msomaji, inatunza miezi 16, na inaonyesha maneno ambayo watu wameandika. Neno lenye kuonekana mara nyingi na kubofywa mara chache linamaanisha watu wanauliza na kichwa chako hakiwajibu: wameandika "bei ya dagaa kigoma leo", wewe umeandika "Hali ya Soko". Siku zake zinafuata saa za California hata kama GA4 umeiweka Tanzania, basi usishangae tarehe zikipishana.

Wasomaji nao wana haki ya kujua kwamba wanapimwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Weka ukurasa mfupi wa Kiswahili chepesi: unatumia chombo gani, kinachukua nini, kwa kazi gani. Usitume jina wala namba ya simu ya mtu ndani ya anwani ya ukurasa, maana vyote vitaishia kwenye seva za Google, na masharti yao yanakataza.

Pembeni ya hayo yote weka daftari la kawaida lenye safu mbili, tarehe na kilichotokea: mtandao ulikatika mchana kutwa, umebadilisha muundo, linki imetumwa kundi la Kasulu, mbalamwezi imepevuka. Mstari wa ripoti ukipanda au kushuka, fungua daftari kwanza, dashibodi baadaye.